Hodi ya Simu na Idhini ya Mwenye Nyumba

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, somo hili ni juu ya milio ya simu, yaani zile arifa ziingiazo mchana na usiku pasina kuitwa, na namna ya kuzizuia zisizo na haki na kuziacha zenye haki. Nimeliandika kwa kuwa jambo hili huulizwa mara nyingi, msikitini na barazani, na waulizao hupewa moja ya majawabu mawili: ama "izime simu", ama "simu ndivyo zilivyo". Yote mawili si jawabu. Wa kwanza amefunga mlango akamwacha nje na mwenye mgonjwa aliyekuja kuomba msaada. Wa pili ameuacha wazi hata mbuzi wa jirani waingia ukumbini.

Wazee wetu walisema: Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ile haikupigwa illa kwa jambo zito, na kwa hiyo kila aliyeisikia aliacha jembe lake akaenda. Nguvu ya pembe ilikuwa katika uchache wake. Leo pembe imetiwa mkononi mwa kila mtu: mwuza nguo wa mji wa mbali, mwenye kamari, mwenye mikopo ya haraka, na rafiki wa rafiki aliyebadili picha yake. Wote waipiga, na jambo hapana. Wala madhara yake si kelele peke yake. Mtu akiisha kuitika mara arubaini bure, mara ya arubaini na moja haitiki tena, nayo huenda ndiyo iliyokuwa na jambo.

Hapa kwetu Lisekese, na Masasi yote hata Newala, jambo hili laonekana wazi katika msimu wa korosho. Mkulima hupeleka mali yake chama cha msingi, hupewa stakabadhi, kisha hungoja mnada. Tangu msimu wa 2024/2025 minada yenyewe imeingizwa katika mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Fedha huingia benki, na habari yake huja kwa ujumbe mfupi. Waliopitia msimu wa 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakakawia, wajua kungoja ujumbe ni kazi ya namna gani. Basi kumwambia mtu huyu azime simu yake mwezi wa Novemba ni kumdhulumu.

Na wezi nao waujua msimu. Ujumbe wao ni ule ule ambao nchi nzima imekwisha kuuzoea: ile fedha itume kwa namba hii. Hauna uchawi wala elimu ndani yake. Nguvu yake ni kuwa humkuta mtu katikati ya lundo la jumbe, macho yamechoka, na huenda kweli yuko mtu amdaiye. Namjua mzee mmoja wa huku, mwenye mikorosho yake na heshima yake, aliyekuwa ameahidiana na fundi wa bati kumpelekea fedha jioni. Ujumbe ukaingia kati ya matangazo saba au manane ya kamari na bando, naye akadhani ni fundi, akatuma. Alipojua ukweli, fundi alikuwa yu mlangoni apiga hodi.

Fasili: katika kuomba idhini

Jua, ndugu yangu, yakuwa Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya An-Nur tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa turejee, basi turejee, kwani hilo ni safi zaidi kwetu. Na imepokewa katika Sahihi yakuwa Abu Musa Al-Ash'ari alikwenda kwa Sayyidna Umar akaomba idhini mara tatu, hakujibiwa, akaenda zake. Alipoulizwa sababu, akasema yakuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ameamuru hivyo: mara tatu, kisha urudi. Umar akataka shahidi, na Abu Said Al-Khudri akashuhudia.

Desturi yetu ya hodi ni hiyo hiyo. Nataka uangalie neno moja ambalo watu hulipita upesi: haki ya kukataa ni ya mwenye nyumba. Wala si utovu wa adabu. Twaona haya kuiacha simu ikilia, twaona haya kuinyamazisha jamaa ya watu mia mbili, kana kwamba tumemfukuza mgeni. Lakini sharia yenyewe imempa mwenye nyumba ruhusa ya kusema rejea, na imemwamuru mgeni arejee bila ya kununa.

Na ajabu ni kuwa simu za kisasa zimejengwa juu ya kanuni hii. Unapotia programu mpya, hukuuliza: je, iruhusiwe kukuletea arifa? Katika simu za Android swali hili limekuwa lazima tangu toleo la 13, la mwaka 2022. Katika iPhone lilikuwako kabla ya hapo. Basi sisi twafanyaje? Twabonyeza "Ruhusu" upesi upesi ili tuone kilicho ndani, kama mtu asemaye "karibu" kabla ya kuuliza ni nani. Wengi wa hao watusumbuao tumewakaribisha wenyewe. Na idhini iliyotolewa yaweza kurudishwa.

Usidhani yakuwa kila programu ina mjumbe wake apitaye njia yake. Simu yako hushika uzi mmoja tu kwenda kwa mitambo ya Google, au ya Apple ikiwa ni iPhone. Kampuni yenye programu hupeleka neno lake huko, na mjumbe huyo mmoja hulileta mpaka simuni. Hapo simu hutazama: huyu ana idhini au hana? Akiwa hana, hapana mlio wala mtetemo wala maandishi juu ya kioo. Kwa hiyo huna haja ya kumwomba mwenye kampuni akuhurumie. Komeo liko upande wako wa mlango.

Fasili: katika kutenda

Kwanza, iweke simu yako katika lugha ya Kiswahili ikiwa inayo, kwani mtu hawezi kutawala nyumba asiyojua majina ya vyumba vyake. Utaona Mipangilio, na ndani yake Arifa, na humo orodha ya programu zote. Ipite orodha hiyo moja moja ukiwa umekaa kitako, si njiani, na kwa kila moja jiulize: yuko mtu aliyeniita mimi kwa jina langu? Au ni mali yangu, au ni afya yangu? Ikiwa ndiyo, iache. Ikiwa ni mfanyabiashara atakaye jicho lako tu, iondolee idhini. Kazi hii yote haizidi muda wa kunywa chai.

Yako matangazo yenye ujanja, nayo yastahili kutajwa. Hukuandikia kama asemaye mtu: fulani huenda wamjua, au umekosa jambo, au tumekukumbuka siku nyingi. Hapana mtu hapo. Ni mtambo uliofundishwa kupiga hodi kwa sauti ya jamaa yako. Hizo zifunge bila ya kufikiri.

Ikiwa programu yakuletea mema na mabaya pamoja, kama ile ya fedha ikupayo stakabadhi ya malipo na tangazo la mkopo, usiifunge yote. Tangu Android ya 8, ya mwaka 2017, programu hugawa arifa zake kwa mafungu, na waweza kufunga fungu la matangazo ukaacha la miamala. Njia nyepesi ni kungoja tangazo litokee, kisha kulishikilia kwa kidole bila ya kuliachia. Simu itakupa nafasi ya kulinyamazisha fungu hilo au kulizima.

Ama WhatsApp, humo ndimo wengi wazama. Jamaa ya harusi, jamaa ya msiba, ya mtaa, ya waliosoma pamoja, kila moja ina watu wake wa kuandika "amina" mara sitini. Amina ni neno jema, lakini halihitaji kengele. Ifungue jamaa hiyo, chagua kuinyamazisha, nayo itakuuliza: saa nane, au wiki, au daima. Chagua daima. Hukutoka, hukumkosea mtu, na jumbe zote utazikuta pale utakapotaka wewe kuzisoma. Na katika sehemu ya faragha, weka kuwa watu unaowajua tu ndio waweze kukutia katika jamaa mpya, kwani wengi wa wauzao biashara za uongo huingia kwa mlango huo.

Kisha kuna ile hali iitwayo Usinisumbue. Hii ni bora kuliko kuzima simu, nami naipenda kuliko yote niliyoyataja. Huipangia saa zake, kwa mfano tangu baada ya Isha hata Alfajiri, nayo hujiweka na kujiondoa yenyewe. Humo huandika majina ya wale ambao hodi yao hupita wakati wowote: mama, mke, watoto, jirani mwenye gari. Na ina jambo jingine: mtu akipiga mara ya pili upesi, katika Android ndani ya dakika kumi na tano, katika iPhone ndani ya dakika tatu, humruhusu apite. Waambie watu wako wajue: likitokea la kutokea, rudieni kupiga.

Tanbihi: juu ya jumbe fupi

Yote yaliyotangulia ni ya arifa za programu. Jumbe fupi huja kwa njia nyingine, kwa mnara wa mtandao wa simu, wala hazimhitaji mjumbe wa Google. Kwa hiyo mwenye kitochi naye huzipata, na watu wetu wengi wana kitochi. Matangazo ya namna hii mara nyingi hutaja mwishoni neno la kutuma ili ujiondoe. Yaliyo ya kampuni yako ya simu, itume. Yakiendelea, ipigie huduma kwa wateja udai jina lako litolewe. Unayo haki: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imezungumza juu ya jumbe zisizoombwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yampa mtu haki ya kuzuia habari zake zisitumiwe kumtangazia biashara. Ama ujumbe wa mwizi, usiujibu hata kwa matusi, kwani jibu humjulisha yakuwa namba ina mtu. Upeleke kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo, kisha uifungie namba iliyokutumia.

Na yale maandishi yarukayo ghafla juu ya kioo na kukutaka ukubali, usibonyeze kukubali kwa haraka. Wengine wamekatwa salio kwa kidole kimoja.

Mas'ala: simu ikilia ndani ya Swala

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliswali katika nguo yenye mapambo, akayatazama mara moja, na alipomaliza akaamuru nguo ile irudishwe kwa Abu Jahm aletewe nyingine isiyo na mapambo, kwani ilimshughulisha. Ikiwa mapambo ya nguo yamefanyiwa hivyo, mlio wa tangazo la kamari je? Basi yafaa kuinyamazisha kabla ya kuingia msikitini, wala mtetemo si kimya, hasa simu ikiwekwa sakafuni. Katika kitochi kingi yatosha kukishikilia kitufe cha reli, yaani #, hata kinyamaze.

Akisahau ikalia naye yumo ndani ya Swala, asiiache ikawavuruga watu mpaka mwisho. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kinachobatilisha ni matendo matatu mfululizo kwa kiungo kama mkono. Ama vidole kutikisika na kiganja kimetulia hakubatilishi. Kwa hiyo apeleke mkono mfukoni mara moja, abonyeze kwa vidole, na Swala yake ni sahihi. Lakini akiitoa, kisha akaiinua usoni, kisha akairudisha, mfululizo, amefikia tatu, na aianze Swala yake upya. Na wakati wa khutba ya Ijumaa asiiguse kabisa illa kuinyamazisha, kwani imepokewa yakuwa mwenye kuchezea changarawe wakati huo amefanya upuuzi, na kioo cha simu chachezewa kuliko changarawe.

Amebaki mtu mmoja, naye ni yule aliye na mgonjwa mahututi, au mke aliye katika uchungu, na simu ndiyo njia ya kuitwa. Huyu tusimlaumu. Mtume mwenyewe alikuwa akikusudia kuirefusha Swala, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Kwa hiyo na aiweke Usinisumbue, amwache mtu mmoja tu apite, na simu iwe ya kutetema mfukoni mwake, si sakafuni. Asimame safu ya nyuma karibu na mlango, na amwambie imamu mapema.