SOMO LETU: JOTO LA MWILI NA HEKIMA YA WAZEE WA UCHINA



Mwezi wa saba, baridi ikiwa imetushika kweli kweli, nilitembelea kikundi kimoja cha akina mama huku milimani. Hata kabla mweka hazina hajafungua daftari, mama mmoja akauliza: "Mwalimu, kijana wangu alifanya kazi na Wachina pale reli ya Mombasa hadi Nairobi ikijengwa, mwaka wa 2014 mpaka 2017. Anasema maji yao ni ya moto tu, hata jua likiwa utosini. Wanajua kitu gani ambacho sisi hatujui?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kusoma, na haya ndiyo niliyopata.

Waganga wa kale wa Uchina walifundisha kwamba mwili una pande mbili: yin, upande wa baridi na kivuli, na yang, upande wa joto na jua. Mtu mzima wa afya ni yule ambaye pande hizi zinapatana. Baridi na upepo, walisema, huingia kupitia shingo, mgongo, tumbo na nyayo. Ndiyo maana bibi wa Kichina humkataza mjukuu kutembea miguu mitupu kwenye sakafu ya simiti. Nyanya yangu pia alinikataza, na hakuwahi kukutana na Mchina hata mmoja.

Mganga wao mashuhuri ni Zhang Zhongjing, aliyeishi kati ya mwaka wa 150 na 219 hivi. Anasimulia kwamba ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200. Kuanzia mwaka wa 196, katika muda usiofika miaka kumi, theluthi mbili walikufa. Kati ya kila kumi waliokufa, saba walichukuliwa na ugonjwa alioita madhara ya baridi. Hebu fikiria kuzika namna hiyo. Uchungu ule ndio uliomfanya atafute dawa na kuandika kitabu.

Dawa yake moja ilipikwa kwa vijiti vya mdalasini, tangawizi, kunazi na mizizi mingine miwili. Lakini tazameni maagizo yake. Mgonjwa akishakunywa dawa, angoje kidogo, kisha anywe uji mwepesi wa moto, ajifunike kama saa mbili, mpaka atoke jasho jepesi. Jepesi tu! Jasho likitiririka kama maji, alisema, ugonjwa hautaondoka. Na akipata nafuu, dawa iachwe.

Tena si kila mgonjwa alipashwa joto. Yule ambaye mwili unawaka, ana kiu kali na jasho jingi, alipewa dawa nyingine kabisa, ya kupoza, iliyochemshwa pamoja na mchele na jiwe la jasi. Kumbe mzee huyu alimtazama mgonjwa kwanza, ndipo akaamua.

Hapo ndipo niliposimama nikajilaumu. Mtoto wangu wa kwanza, akiwa na miezi kumi, alishikwa na homa usiku. Nilimvalisha sweta, nikamfunika blanketi mbili, ili homa "itoke na jasho." Na mimi nilikuwa nimesoma, nina cheti changu cha diploma ukutani! Nilikaa naye hivyo mpaka asubuhi, na tukiwa ndani ya matatu akashikwa na degedege. Ilikuwa malaria. Alipona, namshukuru Mungu. Blanketi haikuleta malaria, ila ilinifanya nidhani ninatibu, na usiku mzima ukapotea.

Kwa hiyo, mama, mtoto akiwa na homa mpunguzie nguo, mwache na kitu chepesi. Usimmwagie maji baridi. Mnyonyeshe mara kwa mara, au kama ni mkubwa mpe maji ya kunywa, na umpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Akishikwa na degedege, akikataa kunyonya, au akilegea, usingoje hata kupambazuke.

Na kuhusu malaria, hata dawa ya mseto tunayopewa hospitalini ina asili Uchina. Mwaka wa 1971 Mama Tu Youyou, mtaalamu wa dawa, alikuwa akihangaika na mmea wa jamii ya pakanga ambao haukutoa matokeo mazuri. Akasoma tena maandishi ya karne ya nne ya Ge Hong, aliyeagiza mmea uloweshwe ndani ya maji na kukamuliwa. Hakusema uchemshwe. Mama Tu akatambua kwamba moto huenda ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akatumia joto kidogo, akafaulu, na mwaka wa 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini msiende kuchuma pakanga mkatengeneza chai ya malaria. Shirika la Afya Duniani halikubali, kwa sababu kipimo chake hakijulikani.

Sasa nirudi kwa yale maji ya moto. Wachina wanasema maji baridi huzima joto la tumbo. Mimi naona faida kubwa iko kwenye kuchemsha kwenyewe. Kuanzia 1952 serikali yao iliendesha kampeni kubwa ya usafi, watu wakahimizwa kunywa maji yaliyochemshwa. Yakishachemka vizuri, vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa. Ukitaka kuyanywa yakiwa yamepoa, kunywa, mradi chombo ni safi na kina kifuniko.

Jambo la mwisho ni mzazi na mtoto mchanga. Uchina mama aliyejifungua "hukaa mwezi": hatoki nje, hashiki maji baridi, anapikiwa supu ya kuku na tangawizi. Wenzetu wa Pwani nao wana arobaini yao, na kukandwa kwa maji moto. Kupumzika na kulishwa, nani atakataa? Akina baba, sikieni hapo. Lakini huko Uchina wapo wazazi waliozidiwa, hata kufa, kwa kufungiwa madirisha na kurundikiwa mablanketi wakati wa kiangazi.

Na sisi tuna jiko la makaa. Nimeingia nyumba ya mzazi, mlango umefungwa, jiko linawaka kando ya kitanda, na mama analalamika kichwa kinamgonga. Si uzazi huo! Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

Mtoto mchanga kweli anahitaji joto, kuliko sisi wote. Akizaliwa akaushwe mara moja, avalishwe kofia, awekwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, na lesso au blanketi juu yao wote wawili. Asioshwe mpaka saa 24 zipite. Aliyezaliwa mdogo sana akae kifuani hivyo mchana na usiku, kama wauguzi watakavyoelekeza. Mama akichoka, hata baba ana kifua.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Katika kijiji chetu, mtoto akiwa na homa usiku, nani huamua apelekwe hospitali? Na kama huyo hayupo?

2. Ni nyumba ngapi zetu hulala na jiko ndani? Tufanye nini kuhusu blanketi kabla ya mwezi wa sita, tukitumia akiba ya kikundi?