SOMO: Namna Kinasa Takwimu Kinavyoagizwa Kupokea na Kutoa Vipimo vya Mvua na Mito

Mkazi apitaye kando ya kituo cha kupimia mvua au kina cha mto huona nguzo ya chuma, sola ndogo na sanduku jeupe lililofungwa kwa kufuli. Ndani ya sanduku hilo hamna kamera. Kilichomo ni kinasa takwimu, ambacho mafundi hukiita data loga: chombo cha elektroniki kinachosoma vipimo usiku na mchana na kuvihifadhi. Vipimo vya hali ya hewa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Mito ya ukanda wetu imo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi.

Sisi tuishio chini ya milima ya Usambara tuna sababu ya kukifahamu chombo hiki. Mvua ikinyesha milimani, maji ya Lwengera hushuka hadi Mto Pangani karibu na Korogwe, na yale ya Amani hufuata Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, linalolisha Jiji la Tanga. Mkulima wa bondeni aweza kuwa juani ilhali maji mengi yako njiani kumfikia. Mafuriko ya Oktoba 2019 katika wilaya za Handeni na Korogwe hayajasahaulika. Tahadhari hutegemea vipimo, na vipimo hutegemea maagizo aliyoyaandika fundi ndani ya kinasa.

Chombo hakijui kwamba ni mvua

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kinasa takwimu hakijui mvua wala mto. Hupokea ishara za umeme tu. Katika kipimamvua cha kisasa, maji hudondokea kijiko pacha kilichowekwa kama pembea. Upande mmoja ukijaa, hupinduka na kumwaga, na upande wa pili huanza kujaa. Kila mpinduko hupeleka mpigo mmoja wa umeme kwenye kinasa. Fundi ndiye anayekieleza kinasa mipigo hiyo ina maana gani, na afanye hivyo kwa maagizo ya makundi mawili.

Kundi la kwanza ni maagizo ya kuingiza. Haya hukiambia kinasa kisome waya upi, kila baada ya muda gani, na kizidishe kwa namba ipi ili kupata kipimo cha kweli. Kundi la pili ni maagizo ya kutoa. Haya hukiambia ni lini kiandike taarifa kwenye kumbukumbu ya kudumu, na kiandike nini: jumla, wastani, kiwango cha juu au cha chini.

Mfano wa programu

Tuchukue kinasa aina ya CR10 cha kampuni ya Campbell Scientific ya Marekani, ambacho maagizo yake hupewa namba. Programu fupi ya kupima mvua huandikwa hivi:

1. Muda wa kusoma: kila sekunde 60.
2. Agizo 3: hesabu mipigo ya kipimamvua, zidisha kwa 0.2, weka jibu katika nafasi ya 1.
3. Agizo 10: pima volti za betri, weka jibu katika nafasi ya 2.
4. Agizo 92: kila zitimiapo dakika 60, ruhusu kuandika.
5. Agizo 77: andika siku na saa.
6. Agizo 72: andika jumla ya nafasi ya 1.
7. Agizo 74: andika kiwango cha chini cha nafasi ya 2.

Mstari wa pili na wa tatu ni maagizo ya kuingiza. Mstari wa nne ni mlango: mpaka saa itimie, hakuna kinachoandikwa. Mistari mitatu ya mwisho ndiyo maagizo ya kutoa. Vinasa vya siku hizi huandikiwa kwa maneno badala ya namba, lakini mpangilio ni uleule: pima, ngoja, andika.

Makosa matatu yenye madhara

Kosa la kwanza ni la kizidishi. Vipimamvua havilingani: kipo ambacho kila mpinduko ni milimita 0.1, kipo cha 0.2, na kipo cha 0.254. Tuseme kipimamvua ni cha 0.2 na kwa siku moja kimepinduka mara 275. Mvua ya kweli ni 275 × 0.2, yaani milimita 55. Fundi akisahau na kuacha 0.1, kinasa kitaandika milimita 27.5. TMA huhesabu mvua inayozidi milimita 50 kwa saa 24 kuwa mvua kubwa. Kwa tarakimu moja iliyokosewa, siku ya mvua kubwa imeandikwa kuwa siku ya kawaida.

Kosa la pili ni la kutoa, nalo ni la hila zaidi kwa sababu upimaji wenyewe ni sahihi. Mvua hutakiwa kujumlishwa. Joto hutakiwa kutafutiwa wastani. Ikiwa katika saa moja zimenyesha milimita 30, na fundi ameweka Agizo 71, ambalo ni la wastani, badala ya Agizo 72, kinasa kitagawa 30 kwa masomo 60 na kuandika 0.5. Msomaji wa taarifa ataona manyunyu, ilhali mto unafurika.

Kosa la tatu ni la saa. Kinasa huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu kuanzia mapambazuko. Kikiandika 1500, ni saa tisa alasiri. Na kama huandika kila saa, mvua hiyo ni ile iliyonyesha kati ya saa nane na saa tisa. Aidha, vituo vingine hutumia saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Huko 0600 ni saa tatu asubuhi kwetu, wala si saa kumi na mbili. Kabla ya kulinganisha taarifa za vituo viwili, sharti tuulize kila kimoja kinatumia saa ipi.

Kina cha mto na namba ya nyongeza

Kwa upande wa mito, kifaa cha kuhisi huzamishwa majini na kupima kina cha maji yaliyo juu yake. Pembeni husimikwa ubao wenye vipimo vinavyosomwa kwa macho. Ikiwa kifaa kimekaa mita 0.35 juu ya sifuri ya ubao, fundi huagiza kinasa kiongeze 0.35 kwa kila kipimo. Kifaa kikisoma 1.20, taarifa huandikwa 1.55, sawa na ubao. Mtu akiung'oa ubao, au mvuvi akiusogeza waya ili atege nyavu, nyongeza ile haina maana tena, na kinasa hakitatambua. Kitaendelea kuandika namba zilizo nadhifu na zisizo za kweli.

Wajibu wa mkazi

Mkazi hahitaji ufunguo wa sanduku ili kusaidia. Tunaombwa kuzingatia haya:

- Tusikate uzio, tusifunge mifugo kwenye nguzo, wala tusianike nguo juu ya kipimamvua.
- Tusiguse sola wala betri. CR10 huhitaji walau volti 9.6, zikipungua, huacha kupima.
- Tukiona kiota, majani au mchanga ndani ya kipimamvua, tumwarifu mtendaji wa kijiji au wa kata siku hiyohiyo, bila kusafisha wenyewe. Kijiko kikitikiswa, huandika mvua isiyonyesha.
- Penye ubao wa mto, tuusome wakati wa masika na vuli na kuandika tarehe, saa na kina. Daftari la mkazi ndilo shahidi wa kinasa: namba zikitofautiana, fundi hujua pa kuanzia.

Zoezi

Kipimamvua cha milimita 0.2 kimepinduka mara 90 kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. (a) Mvua ni milimita ngapi? (b) Kinasa kinachofuata saa ya Tanzania kitaandika saa ngapi? (c) Fundi akikosea na kuagiza wastani wa masomo 60, itaandikwa namba gani?

Majibu: (a) 18. (b) 1700. (c) 0.3.

Aliyepata majibu yote matatu ameelewa kiini cha somo: kinasa hakisemi uongo, bali hutii. Akiiona taarifa ya mvua isiyolingana na alichokishuhudia shambani, asinyamaze. Apeleke neno ofisi ya kata, kwa kuwa walio bondeni hupanga usalama wao kwa namba hiyo.