MAJI HUFUATA MKONDO: SOMO LA MASHINE YA KUFULIA ISIYOJAA MAJI

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi ya Sungura na Fisi. Nimeleta mashine ya kufulia nguo. Usicheke! Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo, nami nilijifunza maana ya methali hiyo likizo ya Desemba 2023, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya mashine, tochi mdomoni.

Mamangu ni dobi. Tulipokuwa tukiishi Makutano, mjini Meru, alinunua mashine ya mtumba, ile inayofunguliwa juu, na kazi ikamnyookea. Wapangaji wa ploti tatu walimletea nguo, na pesa za nguo hizo ndizo zilizonilipia karo. Mnamo Novemba 2023 tukahamia Embu, upande wa Kangaru. Mashine ikapakiwa kwenye pikapu, ikapita Nkubu, Chuka na Runyenjes bila hata kukwaruzwa. Tukaiunganisha na mfereji wa nyumba mpya, tukabonyeza. Taa zikawaka. Ikanguruma kidogo, mmmmm. Maji yakadondoka kama machozi ya mtoto aliyekwisha kubembelezwa, kisha yakakoma. Baada ya dakika chache ikalia pi, pi, pi, ikasimama.

Fundi akaitwa. Aliisikiliza, akaigonga ubavuni mara mbili, akatoa hukumu: "Mama, hii imeungua ubongo. Bodi mpya ni elfu kumi na mbili. Ukinipa leo, kesho iko sawa."

Elfu kumi na mbili! Hizo ndizo pesa zote Mama alizokuwa ameweka kwa ajili ya karo yangu ya muhula wa kwanza. Asipotengeneza mashine, hakuna kazi. Akiitengeneza, hakuna karo. Akanigeukia na kusema, "Wee kijana, si huko shuleni mnafunzwa Fizikia? Hebu niambie, nitoe ama nisitoe?"

Koo lilinikauka. Nikasema, "Fundi, tafadhali tupe siku mbili." Yaliyotokea katika siku hizo mbili ndiyo somo langu la leo.

SOMO LA KWANZA: Je, ubongo u hai?

Kabla ya kununua ubongo mpya, hakikisha kwamba ule wa zamani umekufa. Jaribio lenyewe halihitaji chombo chochote ila ndoo.

Mashine ya kufulia haina macho ya kuona maji. Inayahisi. Chini ya pipa lake kuna kijipaipu chembamba kilichojaa hewa, nacho hupanda hadi kwenye swichi ndogo huko juu. Maji yakipanda ndani ya pipa, hewa iliyo katika kijipaipu hubanwa na kuisukuma ile swichi. Hapo mashine hujua kwamba maji yametosha, nayo huanza kuzungusha nguo. Haijali kama maji hayo yametoka mferejini ama yamemiminwa kwa ndoo.

Basi niliiwasha, nikachagua kiwango cha chini cha maji, nikamimina ndoo moja baada ya nyingine. Ndoo ya tatu ilipoingia nikafunga kifuniko. Kimya. Nikaongeza ya nne. Tak! Mashine ikaanza kuzunguka, kushoto, kulia, kama kawaida yake. Mama aliketi juu ya ndoo tupu, akashika tama.

Fikiria maana yake, msomaji. Kama inazunguka, basi mota i hai, swichi ya kiwango cha maji i hai, na bodi iliyoamuru kazi hiyo i hai vilevile. Kilichokosekana ni maji tu. Ukiwa na mashine ya mlango wa mbele, usifungue mlango. Mimina maji polepole kupitia kijidroo cha sabuni. Kumbuka pia kwamba wakati wa kusuuza mashine itadai maji tena, nawe itakubidi umimine tena.

SOMO LA PILI: Fuata maji kutoka yanakotoka

Wengi wetu huanza kwa kufungua mashine. Hilo ni kosa. Anza mbali, pale ambapo kukagua hakugharimu chochote, kisha uje karibu hatua kwa hatua. Kwanza kabisa, chomoa plagi. Stima ya nyumbani ni volti 240, na maji na stima si marafiki.

(a) Mfereji. Je, umefunguliwa wote? Mara nyingine mkono huzunguka lakini ndani hakuna kinachofunguka.

(b) Mpira wa kuingiza maji. Ukisukuma mashine ukutani, mpira hujikunja na kujinyonga. Vuta mashine mbele kidogo, uunyooshe.

(c) Midomo miwili. Mashine nyingine zina sehemu mbili za kuingizia maji, ya moto na ya baridi. Ukiwa umeunganisha ya baridi pekee, kisha ukachagua kufua kwa maji ya moto, mashine itangoja hadi kiama. Chagua maji ya baridi.

(d) Chujio. Funga mfereji, fungua mpira upande wa mashine, uchungulie ndani. Utaona wavu mdogo wa plastiki. Uvute taratibu kwa koleo, uuoshe kwa mswaki wa zamani. Usiutupe hata kidogo, maana ndio unaozuia mchanga kuingia ndani ya valvu. Wavu wetu ulikuwa umejaa tope jekundu. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilikuwa nyingi, na mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya hubadilika rangi udongo unaposombwa. Nikafurahi, nikadhani nimempata mwizi. Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Maji yaliongezeka kidogo tu, kisha, pi, pi, pi.

(e) Mpira wa kutoa maji. Ikiwa unasikia maji yakiingia lakini pipa halijai, tazama nyuma. Mdomo wa mpira huu ukilazwa chini sakafuni, maji hutoka kadiri yanavyoingia. Uinue hadi kimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Wetu ulikuwa sawa.

(f) Ndoo na saa. Elekeza mpira wa kuingiza maji kwenye ndoo ya lita 10, fungua mfereji, uhesabu muda. Kwetu ndoo ilichukua karibu dakika nne. Nikaenda kwa jirani ambaye mfereji wake wa uani umetoka moja kwa moja kwenye paipu kuu. Haikufika dakika moja! Hapo ndipo nilipong'amua kwamba ugonjwa haukuwa ndani ya mashine.

SOMO LA TATU: Kimo cha tangi

Mtaani kwetu maji huja kwa zamu, hivyo mwenye nyumba ameweka tangi juu ya jukwaa la mbao. Nikachukua futi ya fundi cherehani, nikapima. Jukwaa lilikuwa na kimo cha mita 2. Maji ndani ya tangi yalikuwa na kina cha mita 1. Lakini valvu ya mashine nayo iko mita 1 kutoka ardhini. Kwa hiyo maji yalikuwa juu ya valvu kwa mita 2 tu.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitufunza kwamba kanieneo ya maji, ambayo sisi mtaani twaiita presha, hutegemea kina na wala si ukubwa wa tangi. Chukua kimo, zidisha kwa uzito mahususi wa maji (kilo 1000 kwa kila mita moja ya ujazo), zidisha kwa nguvu ya uvutano (10 hivi):

2 × 1000 × 10 = paskali 20,000, yaani kilopaskali 20.

Kwa ufupi, kila mita moja ya kimo hukupa kilopaskali 10. Nikafungua kitabu cha mashine, kile ambacho hakuna mtu husoma. Kiliandikwa waziwazi kwamba mashine yetu inahitaji kilopaskali 50 hadi 800. Tulihitaji maji yaliyo mita 5 juu ya valvu. Tulikuwa na mita 2. Kule Makutano mfereji wetu ulitoka kwenye paipu kuu, na maji yalishuka kutoka mahali pa juu zaidi yetu. Mashine haikuharibika njiani. Ilihama kutoka kwenye presha, ikaja pasipo na presha.

Lakini mbona ilinguruma? Valvu ina koili. Stima ikipita, koili hugeuka sumaku na kuinua kijiti kidogo, kitundu kikafunguka. Kitundu hicho hakipitishi maji ya kufulia. Kazi yake ni kupunguza presha iliyo juu ya kiwambo cha mpira, ili maji yenyewe yakisukume kiwambo na kujifungulia njia. Koili hubisha hodi tu; maji ndiyo yanayofungua mlango. Yakiwa dhaifu, utasikia hodi bila kuona mgeni. Ndiyo sababu asubuhi, tangi likiwa limejaa, maji yalidondoka, na jioni yakakoma kabisa.

Ungesikia ukimya, au presha ingekuwa nzuri na maji yasiingie, hapo ungeshuku valvu au waya zake. Kuzipima ni kazi ya fundi mwenye mita.

DAWA TULIYOITUMIA

Jukwaa la mita 6 hatungeweza kulijenga katika nyumba ya kupanga. Kwa muda wa majuma matatu tulifua kwa ndoo: mimi namimina, Mama anapanga nguo. Hakuna mteja aliyejua. Kisha Mama akanunua pampu ndogo ya kuongeza presha, kwa bei isiyofika nusu ya ile ya bodi. Hapa pana mtego. Ziko pampu zinazoamshwa na maji yanayotiririka; kwa tangi la chini kama letu huenda isiamke, kwa kuwa valvu haipitishi maji ya kutosha kuiamsha. Tulichukua ile inayoamshwa na presha inaposhuka. Tena pampu hufungwa baada ya tangi, si kwenye paipu kuu, usije ukawanyonya majirani maji yao.

Na ni nani aliyetufungia? Ni yule yule fundi! Nilimwonyesha hesabu yangu daftarini. Akainama, akacheka, akasema, "Kijana, mimi sikuuliza hata tangi liko wapi." Mama alimlipa jasho lake kwa haki. Sikumwona tena kuwa mwizi. Alikuwa amekisia tu, na kukisia kwake kungenirudisha nyumbani muhula mzima. Januari 2024 niliripoti shuleni karo ikiwa mkononi.

Mpenzi msomaji, kitu kikikataa kufanya kazi nyumbani, usikimbilie ubongo wake. Uliza kinakula nini, na chakula hicho kimetoka wapi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kalamu naiweka chini hapa.

ZOEZI

1. Tangi limewekwa kwenye jukwaa la mita 3, na maji ndani yake yana kina cha mita 1. Valvu ya mashine iko mita 1 kutoka ardhini. Tafuta kanieneo kwenye valvu. Je, mashine ya mwandishi ingejaa maji?
2. Mashine imemiminiwa maji hadi kiwango kinachotakiwa, lakini haizunguki. Je, bado utalaumu tangi? Eleza.
3. Eleza tofauti ya matumizi: kimo, kina, kiwango.
4. Tunga kisa kifupi kinachothibitisha methali: Maji hufuata mkondo.

MSAMIATI

Kanieneo: nguvu inayokandamiza eneo fulani, presha.
Kiwambo: ngozi au mpira mwembamba uliotandazwa kuziba nafasi.
Koili: waya uliozungushwa mara nyingi, ambao hugeuka sumaku stima inapopita.
Kushika tama: kuweka mkono shavuni kwa mawazo au huzuni.