Somo la Haki za Wazazi Wakifikiliwa na Ukongwe

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo: katika Sura ya Bani Israili, amri ya kuwatendea wema wazazi imefuatana na amri ya kumwabudu Mola peke yake, na uzee wao umetajwa hasa, kwani ndio wakati wa haja yao na wakati wa kuchoka kwa watoto.

Fasili ya kwanza: Nafaqa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, nafaqa ya mzazi fakiri ni wajibu juu ya mtoto, akiwa na kilichozidi chakula chake na cha mkewe kwa mchana na usiku wake. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameipa nguvu katika Minhaj kauli ya kuwa mzazi hakalifishwi kuchuma. Nafaqa hiyo haina kiwango ila kutosheleza: chakula anachokiweza, nguo, makao, ujira wa tabibu, thamani ya dawa, na mtumishi akimhitaji. Pensheni ya wazee iliyoanzishwa Unguja mwaka 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi ni msaada. Isipotosha, kilichopungua ni juu ya mtoto.

Fasili ya pili: Utumishi. Huenda mtu akasafiri Maskati, akapeleka fedha kila mwezi, akadhani dhima imemtoka. Na mamake amelala ubavu mmoja tangu alfajiri hata adhuhuri, hana wa kumgeuza, vidonda vimemtoka. Huyo ametoa thamani ya chakula, hakutoa utumishi, nao ni katika nafaqa. Wala haifai dada aliyebaki nyumbani kuachiwa mzigo peke yake ati kwa kuwa yu karibu. Na wapatane ndugu wote: huyu kwa mkono wake, huyu kwa ujira wa msaidizi.

Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili au karibu yake, na ngozi yake ikaushwe. Apewe maji hata asipoomba, kwani mzee huenda asihisi kiu, ila tabibu akiwa amempimia. Dawa ya presha isikatwe kwa kuwa leo hajambo. Na njia ya chooni iwe na taa usiku, kwani kuanguka huvunja nyonga.

Mtoto wa kiume akikosa mwanamke wa kumwosha mamake, na amwoshe: aifunike sehemu ya kitovu hata magoti, aoshe kwa kitambaa chini ya nguo, wala asitazame ila kwa dharura.

Fasili ya tatu: Ibada. Asiyeweza kusimama na asali kwa kukaa; asiyeweza, kwa ubavu; asiyeweza, kwa mgongo, akiashiria. Asiyeweza kufunga kwa ukongwe hutoa mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku, wala hapana kadha. Ama aliyeondokewa na akili kabisa, hana sala wala saumu wala fidya. Basi asikaripiwe kwa kusahau rakaa, wala asiaibishwe mbele ya wajukuu. Akiuliza jambo mara kumi, na ajibiwe mara kumi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Wallahu aalam.