Madoa ya Rangi Katika Picha ya Projekta: Yanatoka Wapi na Tufanye Nini



Wengi wenu mlikuja kutazama filamu ya surua. Mtakumbuka kwamba mtoto mgonjwa alipoonyeshwa, shavuni mwake kulikuwa na doa kubwa la manjano. Kesho yake mama mmoja alinijia akauliza kama mtoto mwenye doa la manjano naye apelekwe zahanati. Niliona aibu, kwa sababu doa lile lilikuwa la mashine. Dalili za surua ni homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu, halafu vipele vinavyoanza usoni na kushuka mwilini. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa vipele hauonekani kwa urahisi. Manjano haimo kabisa.

Kwa hiyo somo la leo ni kwa vijana wa vikundi vya sinema, walimu, na kila anayekabidhiwa projekta. Kabla ya kushika bisibisi, tafuta kwanza doa liko wapi.

Anza na shuka. Sogeza mashine kidogo upande. Doa likibaki pale pale kwenye shuka au ukuta, ni uchafu wa shuka, lifueni. Likihama pamoja na picha, chomoa waya unaoleta picha kutoka kwenye kompyuta au deki. Kama doa limepotea, kosa ni la filamu au la kompyuta. Kama bado lipo, liko ndani ya mashine.

Sasa zungusha pete ya lensi, ile inayofanya picha iwe wazi au iwe na ukungu. Picha ikiingia ukungu na doa likazidi kuonekana vizuri, hilo ni vumbi lililoingia ndani. Uchafu ulio juu ya lensi, kwa mfano alama za vidole, kwa kawaida hauleti doa lenye umbo. Unafanya picha nzima iwe hafifu kama kioo chenye mvuke.

Kwa nini doa liwe na rangi? Projekta nyingi tulizo nazo hugawa mwanga wa taa mara tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kila rangi hupita kwenye kioo chake kidogo, kisha zote huunganishwa tena na kutoka kwenye lensi. Vumbi likikaa kwenye kioo cha kijani, picha ikiwa nyeusi utaona doa la kijani, na picha ikiwa nyeupe utaona doa la zambarau. Ndiyo maana tunawaomba mjaribu kwa picha nyeupe tupu na kwa picha nyeusi tupu. Zipo pia mashine za namna nyingine, zenye maelfu kwa maelfu ya vioo vidogo vinavyocheza. Hizo zikiharibika huleta vitone vyeupe kama nyota, na dawa yake ni kubadilisha kifaa chenyewe.

Doa la manjano au la bluu ambalo kila wiki linapanuka ni jambo lingine. Hilo ni kuungua. Upande wa bluu ndio huungua kwanza, kwa kuwa mwanga wa bluu una nguvu zaidi. Hakuna kitambaa kitakachoondoa doa hilo. Mashine yetu imefika hapo, na nasema wazi kwamba sisi wenyewe tuliiua. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu la kiangazi, na mara nyingi tulizima jenereta mara tu filamu ilipoisha ili kuokoa mafuta. Feni ikasimama wakati taa bado ni moto sana. Mafuta ya dakika tano ni rahisi kuliko mashine.

Basi fanyeni hivi. Baada ya filamu zimeni projekta kwa kitufe chake, ngojeni feni isimame yenyewe, ndipo jenereta izimwe. Wakati wa kiangazi safisheni chujio kila wiki kwa brashi laini, mashine ikiwa imechomolewa na kupoa saa nzima. Lensi ifutwe kwa kitambaa laini cha miwani, bila petroli wala sabuni ya unga. Msipulize kwa mdomo, maana mate huingia. Pampu ya baiskeli nayo hurusha mafuta. Kile kipira kipya cha kuvutia kamasi za watoto, kikiwa kikavu, kinapuliza vizuri kabisa.

Msichungulie kwenye lensi taa ikiwaka. Watoto hasa wanapenda kufanya hivyo. Nyingi za taa hizi zina zebaki ndani na mvuke wenye shinikizo kubwa. Ikipasuka, toeni watu wote, fungueni milango, wala msiokote vipande kwa mikono mitupu.

Vumbi la ndani na madoa ya kuungua ni kazi ya fundi. Mnapoleta mashine, andikeni rangi ya doa, liko pande gani ya picha, na kama lilikuja ghafla au polepole. Mpaka mashine yetu itakapotengenezwa, filamu za magonjwa ya ngozi hatutazionyesha. Tutatumia picha za karatasi, na wahudumu wa afya watapita nyumba kwa nyumba.