Kuomba Nafasi ya Serikali kwa Udaktari wa Mifugo

Wenzangu wa kidato cha sita huniuliza jinsi nafasi za serikali katika Chuo Kikuu cha Makerere zinavyogawanywa. Nitaeleza kadiri nilivyojifunza, maana naomba kusomea Udaktari wa Mifugo, na nyumbani kwetu hakuna fedha ya karo ya miaka mitano. Kuna ng'ombe saba, nao ndigana imewapunguza.

Serikali ya Uganda hulipia wanafunzi wapatao 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vyake vyote. Wapatao 3,000 huchaguliwa kwa alama, nchi nzima ikishindana. Waliobaki huingia kwa mgawo wa wilaya, kwa michezo, au kwa kuwa na ulemavu.

Sasa tazameni hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Herufi A ni 6, B ni 5, C ni 4, na kadhalika. Kwa kozi ya mifugo, Biolojia na Kemia ndiyo masomo ya lazima, nayo huzidishwa kwa 3. Somo la tatu lililo karibu na kozi, kama Kilimo, huzidishwa kwa 2. Chukua mwanafunzi mwenye A ya Biolojia, B ya Kemia na C ya Kilimo: 18 na 15 na 8, jumla 41. Mwenzake ana C ya Biolojia, B ya Kemia na A ya Kilimo: 12 na 15 na 12, jumla 39. Herufi ni zile zile tatu, lakini mmoja yuko mbele kwa alama 2. Juu ya hizo huongezwa alama chache za masomo madogo na za cheti cha kidato cha nne. Basi yule anayekesha na Kilimo kwa sababu ni chepesi na aifungue Kemia.

Wasichana huongezewa 1.5 tangu mwaka 1990. Wavulana wa bweni letu hunung'unika juu ya jambo hili. Mimi sioni haja, kwani dada zangu huchota maji saa ambazo mimi nasoma.

Kwa mgawo wa wilaya, unashindana na watu wa kwenu tu, lakini yakupasa uthibitishe kwamba kweli ni mtu wa huko. Barua ya mkuu wa kijiji itafuteni mapema.

Jambo jingine ni mpango wa kozi katika fomu. Wengi huandika udaktari wa watu kwanza, na mifugo chini kabisa kama akiba. Mimi nimeandika mifugo kwanza. Baba alinyamaza, kisha akauliza kama daktari wa ng'ombe huvaa koti jeupe. Nikamjibu kwamba huvaa, na mabuti pia.

Wazee waliosoma hapa wataikumbuka Kabete, karibu na Nairobi, kwani shule ya mifugo ya Makerere ilianza mwaka 1971 tu. Asiyepata nafasi aweza kuomba mkopo wa serikali, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Lakini huo hurudishwa.