Kwa Nini Hali ya Kwantamu Hainakiliki

Ukipeleka cheti cha kuzaliwa stesheneri, unatoka na nakala kumi na chenyewe hakijapungua kitu. Fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, haikubali mchezo huo. Mwaka 1982 William Wootters na Wojciech Zurek, na kwa upande wake Dennis Dieks, walithibitisha kihesabu kwamba hakuna mashine inayoweza kunakili kikamilifu hali yoyote ya kwantamu isiyojulikana. Ufundi uwe bora kiasi gani, kizuizi kiko palepale.

Mashine inakwama wapi?

Tuseme una mashine inayonakili vizuri fotoni zinazotetemeka wima na zile za mlalo. Hiyo inawezekana. Sasa ipe fotoni ya mshazari. Kikwantamu, mshazari ni muungano wa wima na mlalo kwa kiasi sawa, na mashine huishughulikia kila sehemu kivyake. Hupati fotoni mbili za mshazari. Unapata jozi iliyofungamana: ukizipima kwa wima na mlalo, ama zote ni wima ama zote ni mlalo. Ule mshazari haumo tena katika yoyote kati yake.

Nakala za kukadiria zipo. Mwaka 1996 Vladimír Bužek na Mark Hillery walionyesha namna ya kupata mbili, kila moja ikiwa na ufanano wa 5/6 na ya asili.

Faida ya kizuizi hiki

Mwaka 1984 Charles Bennett na Gilles Brassard walitangaza njia ya kupeana ufunguo wa siri kwa fotoni za hali nne zinazochaguliwa kwa kubahatisha. Mdukuzi hawezi kuweka nakala pembeni. Itambidi apime fotoni yenyewe, na nusu ya vipimo vyake vitakosea mwelekeo. Akizinasa zote na kutuma mbadala, takriban 25% ya biti za ufunguo (0 na 1) zilizopaswa kulingana kwa pande zote mbili zitakuwa na makosa. Wahusika wakilinganisha sampuli, watamgundua na kuutupa ufunguo huo.

Tahadhari

Ulinzi huu ni wa ufunguo ukiwa njiani tu. Ukishahifadhiwa kwenye kompyuta ni data ya kawaida, na unanakilika. Leza dhaifu zinazotumika kutuma fotoni nazo wakati mwingine hutoa fotoni mbili za hali moja kwa mpigo. Hapo mdukuzi amepewa nakala bure.

Simu ya kawaida haina kifaa cha kupeana ufunguo kwa fotoni mojamoja. Ukiuziwa programu ya simu kwa madai kwamba sheria hii ya kutonakilika inaikinga, usiilipie, na namba yako ya siri usimpe mtu.